Saa ya Memsahib

Nyumba nzima ilimwita Mama Sijui, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Memsahib akiuliza nani kavunja kikombe, yaya alijibu sijui. Bwana akiuliza mbona maua yamenyauka, sijui. Mgeni akiuliza njia ya kwenda posta, na posta yenyewe inaonekana dirishani, sijui vilevile. Aliyemfundisha neno hilo alikuwa mpishi, shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, siku ile alipomleta kuomba kazi ya kulea mtoto.

"Kwa watu hawa neno moja linakutosha," shemeji alimwambia wakiwa nje ya mlango wa jikoni. "Sijui. Ukijua kidogo watakutuma. Ukijua sana watakufukuza. Na Kizungu hujui hata neno, umesikia? Hawataki yaya anayeelewa mazungumzo yao."

"Lakini kweli sikijui, shemeji."

"Basi afadhali. Hutapata taabu ya kukumbuka uongo."

Mpishi akaingia ndani, akaapa mbele ya memsahib kwamba shemeji yake hajui hata alifu kwa kijiti, na kazi ikapatikana. Yaya akapewa kitanda cha kamba kwenye ujia, nje ya chumba cha mtoto. Binti yake mwenyewe, aliyekuwa na miaka mitatu wakati ule, akaachwa uani kwa mke wa mpishi. Mtoto wa kizungu akilia usiku, yaya aliamka. Wa kwake akilia, aliamka mwingine.

Aliyeharibu mpango ni mtoto. Kila jioni memsahib alikaa kitandani kwa bintiye na kitabu cha picha, na yaya alikaa mkekani miguuni pa kitanda, ameshika taulo. Mwaka wa kwanza maneno yale yalimpita tu, kelele kama za mvua juu ya bati. Lakini mama alikuwa akigusa picha na kutaja jina, mtoto anarudia, anagusa tena, anataja tena, kurasa zilezile, mwezi baada ya mwezi, na sikio halilali njaa. Mtoto alipoweza kusema sentensi nzima, yaya naye aliiweza, ila yeye aliisema mdomo ukiwa umefungwa. Mtoto alipoanza kufuata herufi kwa kidole, zile herufi kubwa zilizoachana, macho ya yaya yalikifuata kidole. Hakuna aliyeliona hilo. Nani humtazama mtu aliyeshika taulo?

Basi Kizungu chake kilikuwa cha kitandani. Kilijaa majina ya wanyama asiowahi kuwaona, tafadhali nyingi, na usiku mwema. Akiwa peke yake na pasi alizisemesha nguo. Aliiambia fulana ilale chali, tafadhali, mpenzi, na fulana ikalala. Zaidi ya nguo hakuna aliyewahi kumsikia.

Kabla ya taa kuzimwa kulikuwa na sentensi moja isiyokosekana. Memsahib alimshika mtoto kidevu na kumwambia: "Haya, mpenzi wangu, sema kweli. Hakuna atakayekukasirikia." Hapo mtoto alitoboa yote ya siku ile, kama ni kumvuta paka mkia au kuficha karoti chini ya zulia, kisha akabusiwa na kulala. Yaya aliipenda sentensi ile. Aliona ni mpango mzuri, mtu kutua mzigo wake kila jioni na kubusiwa juu yake.

Kutoka kitandani hadi mezani si mbali. Ukielewa hadithi ya sungura utaelewa pia nani kahamishwa, mke wa nani analewa, na kwa nini watumishi, kwa maoni ya wageni, hawasikii maumivu kama watu wengine. Yaya alimfuta mtoto mdomo na kuyasikia yote. Hakumwambia mtu. Kuna siku alitamani kuwarushia bakuli la mchuzi, lakini alikuwa na binti uani.

Bwana ndiye aliyekuwa mkuu wa mji ule na ndiye aliyekuwa hakimu wake. Alikuwa amefaulu mtihani wa Kiswahili wa daraja la juu, na cheti chake kilining'inia ofisini ndani ya fremu ya kioo. Kwa sababu hiyo hakutaka mkalimani. Kiswahili chake kilitoka kitabuni moja kwa moja, hakijapita sokoni wala jikoni, na watu walikisikiliza kwa heshima huku wakisubiri akimalize. Tena alikuwa mtu wa saa. Kila chumba kilikuwa na ya ukutani, hata jikoni, na akamnunulia mkewe ya mkononi, ndogo, ya dhahabu, akamfunga kwa mikono yake mwenyewe.

Wageni waliisifu ile saa. Hawakujua kazi yake. Kila jioni Bwana akishaoga alimuuliza mkewe katoka saa ngapi, karudi saa ngapi, kakaa na nani. Dakika zisipolingana alimshika mkono, palepale juu ya saa, akaubana. Kesho yake memsahib alivaa mikono mirefu, joto liwe la namna gani. Yaya aliijua mikono ile kwa kuwa ndiye aliyeipiga pasi. Alimhurumia, na akajichukia kwa huruma yake, maana memsahib huyohuyo alimwekea kopo lake la chai lenye alama ya rangi nyekundu, midomo isije ikachanganyika.

Jumamosi moja Bwana alikuwa safarini kukagua barabara. Mpishi alimaliza kazi ya mchana, akavaa kaptula kuukuu ya Bwana, akatia filimbi mfukoni na kuondoka saa nane. Mpishi alikuwa refa. Huko uwanjani alikuwa mtu mkubwa kuliko Bwana, ila alikuwa na dosari moja, hakuwa na saa. Alimaliza mpira kwa kutazama jua, na walioshindwa daima walisema jua limehongwa. Wiki ileile alikuwa amemwomba Bwana amsaidie kupata saa, hata iliyochakaa. Bwana aliicheka habari hiyo mezani, wageni nao wakaicheka, na yaya, mgongoni kwao, aliona haya kwa niaba ya shemeji yake.

Saa kumi, mtoto akiwa ndiyo kwanza ameamka, memsahib alitoka kwenda kwa mke wa daktari. Hakupita mbele. Alipita uani, na kutoka dirishani yaya alimwona akisimama kidogo penye choo cha watumishi, kisha akaendelea na njia yake. Yaya alishangaa, maana memsahib hakuwa na shughuli upande ule, akarudi kumvalisha mtoto soksi.

Jumapili Bwana alirudi, na kitu cha kwanza alichotazama ni mkono wa mkewe. Memsahib alisema saa aliiacha juu ya meza ya kioo alipotoka, na aliporudi hakuikuta.

"Wiki hii nani alikuwa akitaka saa?" Bwana aliuliza.

Swali lenyewe halikuhitaji jibu. Kabla ya jua kuzama askari alimchukua mpishi na aproni yake kiunoni, supu ikiwa bado mekoni.

Jumatatu mke wa daktari alikuja kunywa chai barazani. Yaya alikaa ngazini, hatua mbili kutoka mezani, akimlisha mtoto mkate wa jamu. Memsahib alizungumza Kizungu kwa sauti ya chini, akicheka na kujipangusa macho kwa wakati mmoja.

"Niliitupa. Kwenye choo chao. Niliisikia ikigonga ukuta mara moja, basi."

"Na mpishi je?"

"Watamfunga miezi michache. Watu hawa wamezoea. Mimi siwezi kumwambia. Unajua kabisa siwezi."

Mke wa daktari alimshika mkono taratibu, pale pasipouma, akasema kweli haiwezekani. Yaya alikuwa akimfuta mtoto jamu kidevuni. Aliendelea kufuta kidevu kilichokwisha kutakata mpaka mtoto akalalamika. Alikuwa na hasira hata masikio yakamvuma. Si kwamba memsahib ameogopa. Kuogopa alikuelewa. Kilichomchoma ni kule kuzoea, eti wamezoea, kama vile jela ni kiatu.

Jioni ile mke wa mpishi alimfuata uani kwenye kamba ya nguo. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Mwenzangu, wewe ndiye unayeshinda humo ndani. Hujasikia kitu?"

"Sijui."

"Sikuulizi kama unajua. Nakuuliza kama umesikia. Mwanao analala kitandani kwangu, anakula chungu kimoja na wanangu. Baba yao akifungwa, chumba hiki tunanyang'anywa kesho yake. Nitakwenda wapi na watoto watano?"

Watano ni pamoja na wa yaya. Mke wa mpishi hakuwahi kuwahesabu kwa namna nyingine. Yaya aliikunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena. Kwa miaka sita neno sijui lilikuwa limemlinda, na siku ile ndiyo kwanza akaona aibu kulirudia.

Kesi ilisikilizwa Jumatano asubuhi ofisini kwa Bwana, milango imefungwa, kwa kuwa Bwana hakutaka mkewe atumbuliwe macho na umati. Mlalamikaji mkewe, mshtakiwa mpishi wake, hakimu yeye. Wahenga wameonya kuhusu kesi ya ngedere kupelekewa nyani, lakini wahenga hawakuulizwa. Memsahib alikaa karibu na dirisha, mikono mirefu. Karani alikuwa kwenye kimeza chake na kalamu, askari mlangoni, na yaya, aliyeitwa kama shahidi, ukutani. Mpishi alisimama katikati ya chumba, miguu mitupu, bila kofia wala aproni, na yaya akagundua kwamba shemeji yake alikuwa mtu mfupi. Hakuwahi kuliona hilo.

"Sheria yataka mshtakiwa afahamu kila neno," Bwana alisema. "Kwa hiyo tutanena Kiswahili. Memsahib naye atanena Kiswahili."

Memsahib alisogea ukingoni mwa kiti. Kiswahili chake alikuwa amekiokota jikoni, mabaki mabaki.

"Mimi toka nyumba saa nne," alisema. "Mimi weka saa juu ya meza. Mimi rudi, saa hapana iko."

"Saa nne," Bwana alirudia. "Karani, andika."

Karani alinyanyua kichwa, akafungua mdomo, akaufunga, akaandika.

"Nawe saa nne ulikuwako wapi?" Bwana alimuuliza mpishi.

"Jikoni, Bwana. Naandaa chakula cha mchana."

"Ukaondoka saa ngapi?"

"Saa nane, Bwana. Kwenye mpira."

"Basi tangu saa nne hata saa nane ulikuwamo nyumbani, na mwenye nyumba hayumo."

"Alikuwemo, Bwana! Saa nne memsahib aliniita mwenyewe, akataka..."

"Wasema memsahib ni mwongo?"

Mpishi alirudi nyuma hatua moja. Hiyo ingekuwa kesi ya pili, na nzito kuliko ya kwanza.

Yaya, kwenye benchi la ukutani, aliona kosa lilipo kama unavyoona tundu kwenye soksi. Kwa mwenye lugha, saa nne ni asubuhi, jua likipanda. Memsahib hakuhesabu hivyo. Yeye alitazama uso wa saa na kusoma namba: mshale ukigusa nne, ni saa nne, hata kama ni jioni na watu wote duniani wanaita saa kumi. Nyumbani walishamzoea. Akiagiza chakula saa moja, mpishi alipakua saa saba na maisha yakaendelea. Bwana peke yake hakulijua hili, kwa kuwa yeye na mkewe walisemezana Kizungu, na kwa kuwa alikuwa amefaulu mtihani. Kiswahili chake kilikuwa kizuri mno kumwelewa mkewe.

Jambo la pili yaya aliliona papo hapo. Saa nne ikigeuka saa kumi, mpishi ameokoka, maana saa kumi alikuwa uwanjani akitukanwa na watu mia mbili, na hakuna ushahidi mzuri kama huo. Lakini saa kumi nyumbani alibaki mtu mzima mmoja tu.

"Yaya. Simama," Bwana alisema. "Jumamosi memsahib alitoka saa ngapi?"

Ulimi wake ulikuwa umeshajipanga. Lile neno sijui lilikuwa mlangoni mwa mdomo, limevaa viatu. Alimtazama shemeji yake, na hapo likatokea jambo ambalo hakulitegemea. Mpishi, yule mpishi wa majigambo, aliyemwita mjinga mbele ya wageni na kumfokea kwa kijiko kimoja kukosekana, alitikisa kichwa, kidogo sana, mara moja. Alikuwa amepiga hesabu ileile na kufika palepale. Alikuwa anamwambia, sema sijui.

Kama asingetikisa kichwa, pengine angesema sijui.

"Saa kumi, Bwana."

"Memsahib amesema saa nne."

"Amesema saa nne ya kwenye saa, Bwana. Siyo saa nne ya watu."

Askari mlangoni alikohoa kikohozi kirefu kisicho na mafua. Karani aliweka kalamu chini. Bwana alimgeukia mkewe, akamuuliza kwa Kizungu, naye akajibu kwamba ndiyo, alasiri, kwani yeye alidhani anasema nini? Shingo ya Bwana ikawa nyekundu kuanzia kwenye kola hadi masikioni. Juu ya kichwa chake, ndani ya kioo, cheti kilikuwa kimetulia.

Mtu mkubwa akiaibika, hutafuta haraka wa kumrithisha aibu yake. Bwana hakutafuta mbali.

"Saa kumi nyumbani alikuwako nani?"

"Mimi, Bwana."

"Na nani tena?"

"Na mtoto."

"Mtoto hakuiba."

"Hakuiba, Bwana."

"Basi?" Akamwashiria askari asogee.

Aliogopa, hofu tupu, ya binti yake na ya jela na ya yale mawe ambayo wafungwa huyavunja nyuma ya gereza. Angeweza kusema tazameni chooni. Lakini Bwana angeuliza umejuaje, kisha angesema umejua kwa kuwa wewe ndiye uliyeificha humo. Ndani ya chumba kile mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kusema ile saa iko wapi na akaaminiwa, na mtu huyo alikuwa akitazama nje dirishani.

Yaya alimgeukia memsahib, akafungua mdomo. Kilichotoka ni Kizungu. Hakikuwa cha makarani, wala cha shule, wala cha askari. Kilikuwa cha kitoto cha kike kilichoogeshwa na kuvalishwa nguo za kulalia, kila herufi safi, na ndani ya sauti hiyo ya kitoto mlikuwa na sauti ya mama aliyemfundisha.

"Haya, mpenzi wangu, sema kweli. Hakuna atakayekukasirikia."

Memsahib aligeuka taratibu, na yaya alimwona akihesabu, akirudi nyuma mwaka baada ya mwaka: chai zote, ugomvi wote nyuma ya mlango, kila alichowahi kusema juu ya watu walioshika taulo, hadi Jumatatu, ngazini, hatua mbili. Uso wake ulipauka.

Na yaya alijua kwamba anasema uongo. Mwenye kukasirika alikuwepo, amekaa palepale nyuma ya meza, na wanawake wote wawili waliijua hasira yake. Aliisema tu kwa kuwa ndiyo sentensi pekee aliyokuwa nayo.

"Niliitupa," memsahib alisema kwa Kizungu. Halafu, kwa nguvu zaidi, "Niliitupa mwenyewe. Kwenye choo cha watumishi."

Bwana hakumfokea. Alitazama saa ya ukutani kwa muda, kana kwamba ndiyo yenye makosa, kisha akamwamuru karani achane ukurasa. Kesi haikuwapo, alisema, na yeyote atakayetoa nje neno moja lililosemwa humu atajuta. Mpishi arudi kazini leo. Yaya aondoke Jumamosi.

Nje, karani alimkimbilia na makaratasi kwapani. "Dada, hata mimi nilijua. Memsahib akisema saa nne ni saa kumi, mji mzima unajua. Lakini nani amsahihishe?"

"Mwenye kalamu," yaya alisema, akashika njia yake.

Alidhani shemeji atamshukuru. Mpishi aliingia uani, akakumbatiwa na mkewe, akaoga, akavaa aproni safi, kisha akaja kumfokea.

"Miaka sita! Nimeapa mbele ya memsahib, mkono juu, kwamba huyu hajui kitu! Umenifanya mwongo!"

"Ulitikisa kichwa, shemeji. Nilikuona."

Mpishi alitazama chini. Aligusa filimbi mfukoni, akaiacha. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Mjinga mimi. Ulitakiwa uninyamazie." Akakohoa. "Hebu niambie. Humo mezani, supu yangu walikuwa wanaisemaje?"

"Wanaisifu sana."

Ulikuwa uongo mtupu, na ulimfaa kila mtu. Mpishi alirudi jikoni kifua mbele.

Saa ilipatikana. Wafungwa watatu walikifukua kile choo siku nzima, na Bwana akaagiza ioshwe katika beseni tatu za spiriti. Mpishi ndiye aliyeleta habari za mezani Alhamisi jioni. Bwana aliitoa mfukoni kabla ya supu, akauvuta mkono wa mkewe, akamfunga. Saa ilikuwa imekufa, mishale haiendi. Akamuuliza ni saa ngapi. Memsahib akaitazama ile saa mfu, akataja saa.

Yaya alipolisikia hilo alikaa kitako juu ya ndoo. Mpishi alikuwa amesalimika, watoto watano walikuwa na pa kulala, na yeye hakujuta. Lakini mkono ule alikuwa ameupiga pasi miaka sita, na sasa alikuwa ameurudisha kwenye saa. Alilia kidogo, akajipangusa na taulo la mtoto.

Jambo moja lilibaki. Bila cheti cha kazi, hakuna nyumba ya kizungu itakayompokea, na bila kazi binti yake atabaki mgeni kwenye chungu cha watu. Mji mzima wa weupe haukujua kilichotokea ofisini, maana Bwana asingethubutu kukisimulia. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa memsahib, na neno moja tu kwamba yaya huyu anaelewa Kizungu lingefunga milango yote, hapa na mji wa pili na wa tatu.

Ijumaa memsahib alimpitia kwenye ujia bila kusimama. "Kesho, cheti," alisema. "Saa kumi." Yaya alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza memsahib kuisema saa sawasawa.

Jumamosi saa kumi alimkuta mezani, mikono mirefu. Bwana alikuwa uwanja wa tenisi. Mtoto alikuwa chini ya meza akichezea vifungo. Memsahib alichovya kalamu, akaanza kuandika, na yaya aliona kwamba hakuwa akiandika mwandiko wake wa kila siku, ule wa kuteleza uliofanana na uzi uliokorogana. Aliandika herufi kubwa zilizoachana, moja moja, pole pole, kama anavyomwandikia mtoto.

Yaya alikuwa amesimama upande wa pili, na karatasi ilikuwa kichwa chini kwake. Akaisoma hivyohivyo. MSAFI. MWAMINIFU. ANAPENDA WATOTO. Kalamu ikasimama. Memsahib hakuinua macho. Akaichovya tena, akamalizia mstari wa mwisho: HAJUI KIZUNGU HATA NENO MOJA.

Akatia sahihi, akaikausha, akaigeuza karatasi iwe wima mbele ya yaya, na kuiacha hapo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Saa mfu ilikuwa mkononi mwake, imechungulia chini ya mkono wa gauni.

"Wewe jua mimi andika nini?" aliuliza.

Yaya aliyatazama macho yake, akayaona yanangoja.

"Sijui, memsahib," akasema, akapokea cheti chake.